Nilitia noti ya elfu tano ndani ya bakuli la jirani

BARUA

Bi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima kutoka Wete. Mimi ni Mkenya, nina miaka 29, kwetu ni Nakuru. Hii ni wiki ya kumi na moja tangu nifike Pemba. Nimeajiriwa na mradi wa afya kwa mkataba wa miaka miwili, kazi yangu ni takwimu za vituo vya afya. Siku niliyotia saini nilifurahi sana. Nilijiambia: Kiswahili nakijua, si kama ninapelekwa Ulaya, nitazoea kwa wiki moja.

Sijazoea. Jioni nikishafunga mlango, nalia.

Nianze na lililoniuma zaidi. Nimepanga vyumba viwili, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama mtu mzima anayeishi na binti zake na wajukuu. Wiki ya kwanza alimtuma mjukuu na bakuli la bluu limefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na mchuzi wa pweza wa nazi, na kwenye sahani vipande vya mkate wa kumimina. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Wiki ya pili akaleta muhogo wa nazi. Ya tatu akaleta tena. Nikaona haya. Huyu mama hana mume, wajukuu ni watano, na mimi nina mshahara. Basi nikaliosha bakuli vizuri, nikatia noti ya elfu tano, nikampa mtoto. Hazikupita dakika kumi mtoto akarudi na noti mkononi: "Bibi anasema umesahau pesa zako." Tangu siku hiyo sijaona bakuli. Tukikutana anaitikia salamu na kupita. Wanawake wanaokaa naye barazani wakiniona wananyamaza.

Kazini nako hakuna nafuu. Nafika saa moja na nusu asubuhi, nafungua kompyuta, naanza. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Wiki iliyopita nilimwendea mzee mmoja wa masijala nikamwambia, "Mzee, nipe faili ya Micheweni." Akanitazama, akasema, "Waalaykum salaam." Chumba kizima kikacheka. Nikisema "hii kitu" wanairudia huku wakicheka. Wananiita "yule Mkenya," na jina langu wanalijua.

La mwisho sijamwambia hata mama yangu. Pasipoti yangu ina mhuri wa matembezi. Mwajiri alisema kibali kitashughulikiwa nikishafika. Kila nikiuliza naambiwa, "Wewe ni wa Afrika Mashariki, hamna shida. Siku zikikaribia kwisha utatoka nje siku mbili urudi." Kodi ya nyumba nimeshalipa ya miezi sita. Ramadhani inakaribia na mimi ni Mkristo, sijui nitaishi vipi. Rafiki zangu wa Nairobi wananiambia nirudi, eti watu wa visiwani hawawapendi watu wa bara. Ni kweli? Nirudi?

Mgeni, Wete

JIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye noti. Kwa hiyo tuanze hapo, maana naamini mengine mengi yanatokana na hilo.

Jirani yako alipokuletea mchuzi hakumwona mwenye njaa. Alimwona mtoto wa watu anayekula peke yake. Kwetu sisi kula peke yako ndiyo dhiki, hata kama friji limejaa. Mwanamke akipika pweza wa nazi, harufu yake haikai jikoni, inapita ukuta, na jirani akishaisikia basi ana haki yake katika chungu. Ndivyo tulivyolelewa. Hakufanya hesabu ya wajukuu wala ya mshahara wako.

Sasa wewe ukatia elfu tano. Wete wako wanawake wanaouza mkate wa kumimina na vitumbua, na ni kazi ya heshima, wamesomesha watoto kwayo. Lakini yeye siku ile hakuwa akiuza. Noti ilimwambia kwamba ulidhani anauza, au ulidhani anaomba. Yote mawili yanauma kwa mwanamke wa umri wake. Na lipo la tatu, nalo ndilo zito: mtu anapolipa, anataka deni liishe. Ukishamlipa muuza duka mnaagana, kila mtu njia yake. Baina ya majirani deni halitakiwi liishe. Leo bakuli lake liko kwako, kesho lako liko kwake, mtondo mtoto anatumwa chumvi. Siku ambayo hakuna anayemdai mwenzake chochote ndiyo siku mliyoachana.

Hayo yote hukuyajua, na nani angekwambia? Ulimwona mjane mwenye wajukuu watano ukamhurumia. Moyo huo sitaki uupoteze. Pesa zina mahali pake hata hapa Pemba, tena zinapokelewa kwa mikono miwili. Pakitokea msiba, unakwenda na ubani wako. Penye harusi unatunza. Mtu akijifungua unamtupia mtoto chochote. Mjukuu akihitimu Msahafu unampa zawadi. Ila ndani ya bakuli, hapana.

Na ule ukimya wa barazani usiuchukue kuwa ni chuki. Nadhani na yeye ana haya. Labda anajiuliza kama alikukera kwa kukuletea vyakula usivyovijua, au kama mtu wa bara hapendi kusumbuliwa mlangoni. Nyote wawili mmejifungia, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa ukuta mmoja.

Hili linatengenezeka, na si kwa kumwita mtu akusemee. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hilo tu ndilo ulilokuwa hulijui. Kinarudi na chochote: maembe matatu, ndizi, sukari kidogo, kitumbua kimoja. Thamani haitazamwi. Kwa kuwa wewe ni Mkristo na mwenyeji wako ni Mwislamu, sikushauri uanze na nyama, hata kama kuku umemnunua sokoni na amechinjwa kisheria. Huenda akala bila wasiwasi, huenda akasita akaona aibu kukwambia. Mwepushe. Peleka kitu cha kwenu kisicho na maswali. Umetoka nchi ya chai, mwanangu! Hukubeba majani ya Kericho hata pakiti moja? Kama huna, mwambie yeyote anayekuja akuletee. Na chapati za kwenu zile nene zenye matabaka, jirani atapenda kuzionja kuliko unavyodhani.

Usimtume mtoto. Nenda mwenyewe, baada ya sala ya alasiri, wakati kazi za ndani zimetulia. Piga hodi. Usipoitikiwa piga tena, na ya tatu, kisha rudi kwako bila kuona vibaya. Ukiambiwa karibu, vua viatu, kaa pale pale ulipoonyeshwa mkekani. Usimsimulie habari ya noti kwa kirefu. Inatosha useme, "Bibi, mimi ni mgeni, sikujua desturi, nisamehe." Atakukatiza kabla hujamaliza. Watakukaribisha chai, nawe usiseme una kazi. Kunywa.

Hapo nikuongezee jambo la kila siku. Ukipita mahali watu wanakula, utaambiwa "Karibu" au "Bismillahi." Wengine wa bara huona tabu, wanadhani ama wale ama wamkasirishe mtu. Jibu lake ni "Starehe," ukapita zako na tabasamu. Neno moja tu, na umeshaonekana mtu wa watu. Lakini ukikaribishwa mara ya pili na ya tatu na mtu kakusogezea sinia, hapo ana maana, tia mkono.

Nije kazini. Mzee wa masijala alikuitikia salamu ambayo hukuitoa, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye faili, ingawa yeye angesema "faili la." Umemkuta asubuhi, hujamwamkia, hujauliza kalalaje, ukaanza na "nipe." Kwenu "nipe" ni neno la kawaida, najua, halina jeuri. Huku huambiwa mtoto, au hulisema mtu aliyekasirika. Sema "naomba," au "nisaidie." Na kabla yake kuna shikamoo, kuna habari za asubuhi, habari za nyumbani, wazima huko? Utaona dakika tano zimekwenda na kompyuta haijafunguliwa. Dakika hizo ni sehemu ya kazi. Siku takwimu za kituo zitakapochelewa, mzee yule ndiye atakayepiga simu kwa mtu anayemjua akakupatia. Hatafanya hivyo kwa mtu asiyemwamkia.

Kuhusu kuchekwa kwa "hii kitu," mwanangu, vumilia. Ni kweli kwamba tunakionea wivu Kiswahili chetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo baadhi yetu tumekuwa mahakimu wa kila anayefungua kinywa. Lakini Wapemba wenyewe wakienda Unguja huchekwa lafudhi zao, kwa hiyo anayekucheka Wete anajua kinavyouma. Ukimwuliza, "Basi mnasemaje?" utamgeuza kuwa mwalimu, na mwalimu hamcheki mwanafunzi wake kwa muda mrefu. "Kitu hiki." Utazoea.

Sasa la pasipoti. Hapa naomba ukae vizuri unisikilize, maana hili limenitia hofu kuliko bakuli.

Mhuri wa matembezi haukuruhusu kufanya kazi ya mshahara. Ni kweli kuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, na itifaki yake inatumika tangu Julai 2010, lakini haikufuta kibali. Inakupa njia ya kukiomba. Na Zanzibar ina milango miwili, si mmoja, jambo linalowapoteza wengi. Uhamiaji ni jambo la Muungano wa Tanzania, kwa hiyo kibali cha kuishi kinatoka Idara ya Uhamiaji, na aliyeajiriwa huombewa cha daraja B. Kazi si jambo la Muungano. Kibali cha kazi kinatoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwenye Kamisheni ya Kazi, chini ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Mtu akikwambia kampuni yake tayari ina vibali vya Dar es Salaam, hivyo havikufai Wete.

Anayeomba ni mwajiri. Wewe unaleta vyeti, picha na pasipoti. Kwa hiyo usiulize tena kwa mdomo kwenye korido. Andika barua pepe, ya adabu na fupi: lini nilianza kazi, maombi yangu yamepelekwa tarehe gani, naomba nakala ya risiti. Weka nakala yako mwenyewe nje ya kompyuta ya afisi. Usikubali kutoka nje siku mbili ukarudi na mhuri mpya. Hilo si suluhisho, ni kuliongeza kosa lile lile, na anayesimamishwa bandarini akaulizwa anafanya kazi gani ni wewe, bosi wako yuko nyumbani kwake. Na wasikupe karatasi ya kujitolea utie saini ilhali unalipwa mshahara. Ukipita wiki mbili hujajibiwa, nenda mwenyewe kwenye afisi za kazi hapo kisiwani ukaulize njia iliyo sawa. Ni bora uonekane umejipeleka kuliko ukutwe. Uliza pia kama unachangiwa ZSSF, ambayo ndiyo hifadhi ya jamii ya Zanzibar. NSSF ni ya bara.

Ikiwa baada ya hayo bado wanakuzungusha, hapo ndipo nitakapokwambia urudi Nakuru, kodi ya miezi sita au siyo. Sitakwambia urudi kwa sababu ya mchuzi wa pweza. Nitakwambia kwa sababu ya karatasi.

Nina sababu ya kulichukulia hili kwa uzito. Huko kwenu pwani, Kilifi na Kwale, wako Wapemba waliohamia kwa vizazi, wengi wavuvi. Wapo waliozaliwa huko wakazeeka huko bila kitambulisho: hawakuweza kufungua akaunti, hawakuweza kusajili simu kwa jina lao, waliikimbia doria baharini. Mwaka 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi kuwa miongoni mwa jamii za nchi yenu. Hapa Pemba utazikuta nyumba nyingi zenye shangazi au binamu upande huo. Usidhani hawaelewi mtu kuishi ugenini bila hati maana yake nini. Mwulize jirani yako siku moja kama ana mtu Kenya. Sitashangaa akikutajia.

Kwa sababu hiyo hiyo, nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Kila shehia ina wake, na mgeni anayehamia anapaswa kujulikana kwake. Mwenye nyumba ndiye angekupeleka. Kama hakukupeleka, mwombe mwende pamoja, na pasipoti na mkataba wako wa nyumba mkononi. Barua ya sheha utaihitaji kwa mambo mengi kuliko unavyofikiri, na pia ni ulinzi: siku ukiugua usiku, kuna mtu katika mtaa anayejua wewe ni nani na unalala wapi.

Ramadhani usiiogope. Ndani ya nyumba yako kula, hakuna atakayekuchungulia. Njiani na afisini mchana usile, usinywe, hata maji, na mikahawa mingi utaikuta imefungwa, kwa hiyo pika usiku. Saa za kazi hupungua, usimpangie mtu safari ya Micheweni alasiri akiwa na saumu. Magharibi ikiingia ndipo utakapoijua Pemba. Futari hutembea mlango hadi mlango, na mwezi ukiandama mpelekee jirani pakiti ya tende. Ila usiingoje Ramadhani ndipo uende. Nenda na haya uliyonayo sasa. Jumapili yako usiiache pia. Makanisa Pemba ni machache lakini yapo, na utakuta humo walimu na wauguzi wa bara waliokaa miaka, wanaojua mengi ambayo mimi sikuweza kuyaandika hapa. Nguo sitakuhubiria. Nunua doti moja ya kanga, nadhani Mombasa mwaita leso, moja ya kichwani na moja ya kiunoni ukienda msibani au kwa sheha.

Unaniuliza kama ni kweli hatuwapendi watu wa bara. Sitakuapia kwamba hutakutana na mwenye kinyongo. Yako maneno hapa kuhusu ajira zinazokwenda kwa wageni wakati vijana wa visiwani wamekaa, na hayo si uongo mtupu, yana machungu yake. Ukiyasikia usibishane. Lakini mtu anayekupelekea pweza wiki ya kwanza hajakuchukia.

Msimu wa karafuu ukifika utaona majamvi yamejaa uwanjani na barabarani, na jioni wanawake wamekaa kuzunguka rundo, wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku. Kaa nao. Hiyo kazi haihitaji ujuzi, inahitaji vidole na masikio. Tuna msemo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawe wiki kumi na moja hakuna aliyekupa. Basi lichukue mwenyewe. Ila tahadhari moja: usifunge karafuu kwenye sanduku kumpelekea mama yako Nakuru. Mnunuzi ni ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na za magendo zinazokimbizwa Kenya zimewatia watu wengi mashakani.

Jumamosi hii, basi. Baada ya alasiri, na chapati zako nne zimefunikwa. Ukipewa kitu wakati wa kutoka, pokea na useme ahsante, na bakuli likae kwako siku mbili tatu kabla ya kulirudisha. Kisha niandikie, uniambie kibali kimefikia wapi, na uniambie pia alikuita kwa jina gani ulipobisha hodi.